Kanda Zilizovunjwa Meno

Siku yangu ya kwanza kazini Bosi hakunionyesha mashine. Alinikalisha nyuma ya kaunta, akanipa boksi la kanda kuukuu na kuniambia nizitazame mgongoni. Duka lake la kurekodi muziki lilikuwa karibu na stendi, Mwanza mjini, pale pale ambapo babu yake, aliyetoka India, aliwahi kuuza vitenge. Kila kanda ilikuwa na vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, mashine haikubali tena kurekodi juu yake.

"Aliyevunja meno alitaka kilichomo kibaki," alisema. "Usifute mpaka mwenye kanda asikilize, hata kama ana haraka."

Nilimwona mzee mwenye visheria vingi, nikaitikia tu.

Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Vipanya, zile Hiace za abiria, vilizidi kuongezeka, na watu wa Ilemela walichagua gari kwa muziki wake. Gari bubu waliliacha lipite. Madereva ndio waliotulisha, lakini subira hawakuwa nayo. Walichomeka karatasi kwenye matundu ya meno ili waidanganye mashine.

Asubuhi moja akaja dereva wa gari la Kiseke, kijana wa Kikerewe. Redio yake ilikuwa imetafuna kanda aliyokuwa akiitegemea, na tajiri wake, mwenye gari, alikuwa ameshamwambia kwamba gari likiendelea kurudi tupu atampa mtu mwingine.

"Dada, niwekee dansi pande zote mbili. Chapuchapu, nina abiria ndani."

Kanda aliyonipa ilikuwa imezibwa karatasi. Nikamuuliza nani aliivunja meno.

"Sijui. Ilikuja na mizigo kutoka nyumbani, Nansio, tulipomaliza msiba wa baba. Futa tu."

Nikamweleza sheria ya duka. Akasonya. Nikabonyeza.

Ikalia nanga, kile kinanda cha mbao na nyuzi cha Wakerewe, kisha sauti ya mzee ikaanza kuimba. Dereva akaacha kuchezesha funguo.

"Ni baba," alisema.

Mimi ni Msukuma, sikuelewa maneno. Nikamuuliza anaimba nini.

"Ananitaja jina." Akaziweka funguo kwenye kaunta. "Nilipoacha shamba nikaja kuendesha gari, hakunisemesha tena. Hapa anasema mwanawe anabeba watu wa mjini, na wanafika salama."

Nje abiria walianza kushuka na kuhamia gari la nyuma. Aliwaona, lakini hakutoka.

"Naomba urudishe mwanzo, dada."

Bosi alikuwa ametoka chumba cha ndani na kusikia yote. Akafungua kanda mpya, akaniwekea mezani. "Dansi mrekodie kwenye hii," alisema. "Ile mpe mwenyewe." Dereva aliipokea kwa mikono miwili. Nami nikajifanya nafuta mashine vumbi.

Niliendelea na kazi ile mpaka kanda zikaisha sokoni, zikaja sidii, na mwisho duka likafungwa. Sasa nakaa Kiseke. Mjukuu wangu ana muziki wa dunia nzima kwenye simu, na hahitaji kufuta wimbo ili mwingine upate nafasi. Ni jambo jema, sibishi. Majuzi nilimwomba anitafutie mtandaoni ule wimbo wa nanga. Alipekua mpaka akachoka.

"Bibi, haumo," aliniambia, akidhani nitasikitika.

Nikamwambia aache kutafuta. Uliimbwa kwa ajili ya mtu mmoja, na alikwisha kuusikia.