Mdogo Wangu Njiti

Juzi, kwenye zahanati moja Tegeta, nilimwona mama mmoja amemfunga kichanga kifuani, nikakumbuka mchana mmoja wa Chang'ombe. Mama yangu alikuwa amerudi kutoka hospitali na mdogo wangu, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia.

“Ni njiti,” shangazi aliwanong'oneza majirani.

Mie njiti nilizijua za kiberiti tu. Shangazi alipoingiza jiko la mkaa ili chumba kipate joto, nilipiga kelele: “Atawaka!” Nikalimwagia maji. Moshi na harufu ya majivu vikatutoa wote uani.

“Mwanangu, anahitaji joto,” Mama alisema bila hasira, akimfunga mtoto kifuani.

Nikamkumbatia Mama kwa nyuma ili mtoto apate joto langu pia, nikabana kwa nguvu zangu zote. Leo najua mapafu ya mtoto yalikuwa hayajakomaa. Alasiri ile mdogo wangu alipoacha kupumua, mie niliendelea kubana.