Kanuni Zangu, Mifano Yake

Kuvu ya South Beach, hapa Durban, haina adabu. Bahari iko chini, mimi niko ghorofa ya kumi na moja, lakini unyevu wake hupanda bila kungoja lifti. Viatu vya ngozi huota manyoya ya kijani ndani ya kabati. Kwa hiyo sikupaswa kushangaa nilipofungua chumba cha pili na kukuta maboksi ya kitabu chetu yamelainika kwenye kona, yananuka kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Nilishangaa hata hivyo. Mimi ni mtu wa kushangazwa na mambo niliyoyaona yakija.

Kilikuwa kitabu chembamba cha sarufi ya Kiswahili, tulichokiandika mke wangu na mimi na kukichapisha wenyewe, kwa ajili ya watoto wa wahamiaji wanaokulia Durban. Tulidhani wazazi watakigombania. Wakenya wenzetu walisema watoto tayari wana Kizulu na Kiafrikana cha shule, tusiwaue. Wakongo walisema hicho ni Kiswahili cha Tanzania. Mtanzania mmoja alinirudishia nakala yake ikiwa na makosa yaliyozungushiwa kalamu nyekundu, na baadhi yalikuwa makosa kweli. Nakala zilizobaki ziliingia chumba cha wageni, wageni wakahamia kochi la sebuleni.

Kazi tuligawana hivi: mimi niliandika kanuni, yeye aliandika mifano. Mimi ni mtu wa bara. Kiswahili nilikipata shuleni kwa fimbo, na aliyepata kitu kwa fimbo hukilinda kuliko aliyezaliwa nacho. Yeye alizaliwa Pwani. Nilipomuuliza kwa nini tunasema hivi na si vile, alijibu, "Kwa sababu hivyo vingine vinachekesha," akaendelea kumenya vitunguu. Mimi nikaenda kutafuta kanuni.

Nilikuwa na msimamo kuhusu mifano: mfano mzuri hauna habari. "Mtoto anacheza mpira." Msomaji aone kiambishi, asianze kuuliza mtoto ni wa nani na mpira kautoa wapi. Nilimweleza haya kwa kirefu. Alinisikiliza, kisha akaandika alivyotaka. Kwenye somo la kauli ya kutendeka aliandika: Dirisha halifungiki. Njia haipitiki. Mume wangu hashauriki. Nilihakiki viambishi, nikaviona viko sahihi, nikapitisha.

Alifariki mwaka juzi. Moyo ulisimama asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu, na kiatu kimoja kilikuwa tayari.

Tangu hapo fleti hii imekuwa ikisema mifano. Nikihangaika na dirisha la sebuleni, ambalo chumvi imekula bawaba zake, nasikia: Dirisha halifungiki. Nikisahau kikombe juu ya meza: Chai imepoa, lakini itanyweka. Nikikung'uta kopo la sukari: Nani amemaliza sukari? Somo la viulizi, na jibu ni mimi, hapana mwingine. Sisemi ni mzimu. Mtu mwenye shahada tatu haruhusiwi kuwa na mzimu. Nasema tu kwamba sauti ile huja na nukta yake mwishoni, kisha hukaa kimya kidogo, kama mtu anayengoja mwanafunzi arudie. Mara moja nilirudia.

Na nikiketi kuandika (naam, nimeanza sentensi kwa "na," jambo nililolikataza katika kitabu chenyewe) hutoka kanuni tupu. Aya zinasimama wima, viunganishi viko mahali pake, wala hakuna mtu ndani. Mhariri mmoja aliyenifahamu zamani alinirudishia insha akisema imenyooka kama kitanda cha hospitali. Alikuwa anajaribu kunisifu, nadhani.

Basi siku moja nilikutana dukani na mwanamke Mkongo aliyekuwa akimsuka mke wangu, mwenye saluni ndogo kule karibu na soko la Warwick. Nilimwambia, kwa kukosa la kusema, kwamba vitabu vinaoza. Kesho yake alasiri alikuwa mlangoni kwangu.

"Hodi, shemeji! Pole na kukaa peke."

Nilimwonyesha chumba. Alishika kiuno.

"Eish! Kumbe iko bitabu mingi hivi, na unabiacha bioze?"

"Vipo," nilisema. "Vitabu vipo."

"Njo nasema. Iko." Njo yao ni ndiyo yetu.

Alinieleza kilichomleta. Jumamosi, kanisani kwao, huwafundisha watoto Kiswahili, bila kitabu chochote. Binti yake mwenyewe alizaliwa hapa, anajua Kiingereza na Kizulu.

"Mama yangu anapiga simu toka Uvira. Mutoto anamuambia 'Hello, Gogo,' njo bibi mu Kizulu, kisha anakimbia. Mama analia ku simu, shemeji. Analia juu mujukuu anamuogopa. Amezeeka, ule mama. Nataka basikilizane mbele afe."

Alichukua nakala ya juu, akaifuta kwa kiganja, akaifungua popote. Alisoma polepole, kidole chini ya maneno. "Dirisha hali-fungiki." Akainua macho, akatazama sebuleni. "Hii dirisha njo ile?"

"Ni mfano tu."

"Mais shemeji, ile dirisha haifungake kweli!" Akaenda kulijaribu, likamkatalia, akacheka. Alirudi kitabuni. "Mume wangu hashauriki." Hapo ilimbidi akae juu ya boksi. "Uyu mama! Alikuwa anakuchekelea mu kitabu, na wewe mwenyewe ukakibeba ku imprimerie bakichape!"

Nilimwambia kwamba ile ni kauli ya kutendeka katika ukanushi. Alicheka zaidi. Lakini mimi nilikuwa naisoma sentensi ile kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeihakiki mara nyingi. Kuisoma, sikuwahi.

Nikasema achukue yote, kwa sharti moja: kisibadilishwe kitu.

"Aah, ile haiwezekani," alisema, bila hasira. "Mama yangu akisikia 'yupo,' 'yumo,' atafikiri ni padri anapiga simu. Tutakata na kalamu. Fasi ya 'yumo,' tutaandika 'iko mu.' Batoto basome sawa vile bibi yao anasemaka."

"Dada yangu, hayo ni maneno ya mke wangu. Ndiyo yaliyobaki. Hakusema hivyo."

Alinitazama kama mtu anayepima kama aendelee.

"Kwetu ku saloon alikuwa anasemaka iko."

"Haiwezekani."

"Shemeji. Kila mwezi, miaka yote ile. Akikaa tu ku kiti, anaanza." Akabadilisha sauti, akaishusha, akaivuta mwishoni kama watu wa Pwani wanavyovuta: "Bwana yangu iko na kichwa nguvu, mama, musuke polepole, sina haraka ya kurudi."

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Maneno sikuwahi kuyasikia, kichwa nguvu wala bwana yangu, lakini sauti ilikuwa ile ile, imekaa chumbani kwangu kati ya maboksi, inasema jambo ambalo halimo kitabuni. Nilifanya kile ambacho mtu wa kanuni hufanya akitishwa: nikawa rasmi. Nikamshukuru kwa kufika. Nikasema nitalifikiria suala lake.

"Bon," alisema, akirudisha nakala juu ya boksi kwa uangalifu, kama anamlaza mtoto. "Baki nabyo, shemeji. Mais kuvu haifikirie. Inakula tu."

Wiki iliyofuata nilijaribu kuviokoa mwenyewe. Niliweka vitabu juu ya meza ya chakula, nikachukua siki na kitambaa, nikawa nafuta jalada baada ya jalada. Kazi ile haina heshima. Siki hupenya kwenye kucha, na kuvu huacha alama hata ikifutika. Kila nakala niliyoifungua ili ikauke ilinitazama na ukurasa tofauti. Nilizungukwa naye katika masomo yote kwa pamoja: wakati uliopo, wakati uliopita, hali ya masharti. Upepo ulipoingia kwa lile dirisha, kurasa zilifunuka zenyewe, mezani kote, kwa mlio wa mtu anayetembea na kandambili.

Hapo ndipo nilipofika somo la viambishi vya mahali. Kanuni ni yangu na bado naisimamia: -po hutumika mahali panapojulikana hasa, -mo hutumika ndani, -ko hutumika mahali pasipo dhahiri, pale msemaji asipoweza kupaonyesha kwa kidole. Chini yake, mifano yake.

Mume wangu yupo. Amekaa mezani.
Mume wangu yumo. Amejifungia na vitabu.
Mume wangu yuko. Sijui wapi, lakini yuko.

Nilikumbuka nilivyolalamika juu ya ule wa tatu. Nilisema sentensi haijakamilika, inahitaji mahali: yuko sokoni, yuko kazini. Alisema, "Ukiongeza mahali utaiharibu." Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilikubali kwa sababu ya uchovu.

Sasa nilikaa na siki mkononi, nikajaribu kumweka yeye katika kanuni yangu. Hayupo: hilo ni la wazi, ndilo linaloandikwa kwenye matangazo ya vifo. Hayumo: nilitazama vyumbani, hayumo. Nikafika kwenye -ko, nikashindwa kuweka ukanushi. Mdomo ulikataa. Nimefundisha somo hili kwa miaka, nimewakata alama vijana wa watu kwa kuchanganya viambishi hivi, na sikuwahi kujua kanuni yangu ilikuwa inatoa nafasi ya aina hiyo. Niliandika kanuni nikimfikiria mtu aliyekwenda sokoni.

Lakini hata hilo halikunituliza, maana sauti ya saluni ilikuwa imeniharibia hesabu. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikivihifadhi vitabu nimemhifadhi yeye. Kumbe kulikuwa na Kiswahili chake kizima nisichokijua, alichokitumia kila mwezi akiwa ameinamisha kichwa, akiwachekesha wanawake kwa habari zangu, na nusu hiyo ilikuwa imehifadhiwa Warwick, katika midomo ya watu wanaosema iko. Yangu ilikuwa ndani ya maboksi, inaliwa. Yao ilikuwa inaongea.

Nilimpigia simu.

"Shemeji," alisema kabla sijajieleza, "kichwa imelegea?"

"Imelegea kidogo."

"Sharti?"

"Sina sharti."

Alikuja na mpwa wake mwenye gari. Nilibakiza nakala moja, kisha mlango wa lifti ulipokuwa unajifunga nikakimbia nikawapa na hiyo. Niliporudi ndani, fleti haikusema chochote. Nilimimina chai, nikaiacha makusudi ipoe. Kimya. Siku tatu nne nilitembea humo kama mpangaji mpya, nikikohoa kabla ya kuingia vyumba. Nilikuwa nimeogopa sauti ile miaka miwili, na sasa nikawa naogopa kwamba nimeitoa nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda.

Kanisa lao ni ukumbi wa juu ya maduka, unapanda ngazi huku harufu ya mizizi na majani ya dawa yanayouzwa chini ikikufuata. Nilisimama mlangoni. Watoto walikuwa wameketi wawili wawili kwa kitabu kimoja, na kutoka pale niliona kurasa zimejaa kalamu ya bluu: viambishi vyangu vimekatwa, vitu vimeandikwa juu, mishale inapanda na kushuka. Hata kichwa cha somo kilikuwa kimefutwa. Mwili wangu ulitaka kunyang'anya.

Msusi alinyanyua kidole, na watoto wakasoma kwa pamoja, wengine kwa lafudhi ya Kizulu, wengine wakipayuka tu kwa furaha ya kupayuka:

"Bwana yangu iko! Sijue wapi, lakini iko!"

Walirudia. Ukumbi ule una mwangwi, na mara ya pili sauti zilipogonga ukuta na kurudi, nilisikia moja iliyoshuka na kuvutwa mwishoni. Msiniulize ilikuwa ya nani. Nilitazama nyuso zote na hakuna aliyekuwa na umri wa sauti hiyo. Nilishika fremu ya mlango.

"Sasa nani atanipa yake?" msusi aliuliza. "Na 'iko mu.' Haya."

Mikono ilipanda. Alimchagua binti yake, niliyemtambua kwa paji la uso la mama yake. Mtoto alisimama, akatafuta mfano juu ya dari, kisha chini, kisha akageuka na kuniona. Aliniangalia bila haraka yoyote, toka viatu mpaka miwani.

"Muzee iko mu mulango," alisema. "Haingie."

Walicheka wote, msusi akaziba mdomo kwa kitambaa. Kisha akakumbuka heshima, akanigeukia.

"Pardon, shemeji. Wewe njo mwalimu. Ni sawa?"

Nilihesabu makosa. Upatanisho wa ngeli, kiambishi cha mahali, ukanushi, tahajia kama ingeandikwa. Ilikuwa pia imevunja kanuni yangu ya kwanza kabisa, maana ilikuwa na habari, na habari yenyewe ilikuwa mimi.

"Si sawa," nilisema. "Andikeni hivyo hivyo."

Wakainamia vitabu. Niliposikia kalamu zinaanza kukwaruza niliingia, nikatafuta kiti, na mfano ukaharibika.