Chupa Iliyotikiswa

Fyuu. Sauti ndogo, kama ya mtoto anayegeuka usingizini. Hivyo ndivyo kizibo cha mvinyo uliozeeka kinavyoaga mdomo wa chupa kikitolewa na mkono wenye adabu. Mzee huyu aliisikia sauti hiyo siku zote za kazi yake, katika ukumbi wa chakula wa hoteli kubwa, mpaka wenzake wakambandika jina la Kizibo. Jina likamganda. Hata watoto wake walipoulizwa shuleni baba yao ni nani, walijibu bila aibu, "Sisi ni wa Kizibo."

Asubuhi ile alikuwa bafuni akinyoa ndevu. Kesho yake mkewe angelazwa apasuliwe. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye ulimi, na daktari hakuwazungusha: ulimi ungekatwa karibu wote. Angejifunza upya kumeza. Kusema, labda, kwa taabu. Ladha, asiitarajie tena.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, naye hakumwita kwa jina jingine ila Fundi. Penzi lao lilikuwa na kinywaji chake. Wageni wa hoteli walipobakiza kidogo katika chupa ya bei mbaya, Kizibo aliyamimina mabaki kwenye kichupa, akayapeleka nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Fundi alisimamisha cherehani, akakung'uta nyuzi magotini, wakagawana. Hapo ndipo walipoijua mivinyo myekundu ya mtindo wa Bordo, kule Ufaransa, zabibu za aina mbili tatu zilizochanganywa, zikaachwa gizani miaka na miaka mpaka hasira zikaziisha. Mvinyo mchanga huzikaba fizi, unataka ugomvi. Uliokomaa hubisha hodi. Kwanza inakujia harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, kisha ya kasha la mbao lililofunguliwa baada ya muda mrefu, kisha tumbaku kavu, na udongo ulionyeshewa. Ukishameza, ndipo tunda linaporudi nyuma ya ulimi, utamu wa mbali, likakaa.

"Umemaliza hotuba?" Fundi alizoea kumtania. "Basi lete glasi, mheshimiwa. Wengine tuna magauni ya watu hapa."

Chupa nzima walikuwa nayo moja tu. Alipewa alipostaafu, ikalala ubavu chini ya kitanda ikingoja siku ya furaha. Siku ya furaha haikuja, ikaja hii. Basi juzi aliitoa, akaisimamisha kwenye pembe ya jikoni, kwa maana mvinyo wa umri huo hujenga mashapo, machicha meusi machungu, na ni lazima yapewe muda yatulie chini. Hakumwambia mtu. Alitaka kumshtukiza mkewe baada ya chakula cha mchana.

Binti yao, mfamasia, alikuja kufunga nguo za mama yake. Akaingia jikoni kunywa maji, akaiona chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kitu cheusi kimelala chini. Mkono wake ukafanya kile unachofanya kazini kila siku: akaitikisa kwa nguvu, juu chini, juu chini, mpaka kile cheusi kikachanganyika chote.

"Baba, hii kitu yako ilikuwa imeganda chini," alimwambia Kizibo, aliyetokea mlangoni na povu shavuni. "Nimeitikisa vizuri."

"Umeua!" Kizibo alipiga ukelele uliovuka ukuta kwenda kwa majirani. "Mwanangu, umeua!"

"Nimeua nini tena?"

"Inataka siku mbili kutulia! Tunazitoa wapi? Kesho mama yako atainywa kwa ulimi upi?"

Binti akaelewa. Akaketi sakafuni palepale, khanga ya mama yake mapajani, akalia kwa kwikwi kama alivyokuwa akilia utotoni. Kizibo alitaka kumwinua, akashindwa hata kuinama.

Fundi akatoka chumbani. Maneno yalimtoka yakijikwaa. "Nani... kafa?"

"Hakuna. Mvinyo."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Poleni, wafiwa."

Kizibo akakamata chujio la chai. Fundi akampokonya, akalitupa kwenye sinki. Akaenda kwenye saraka ya vitambaa, akavipapasa kimoja kimoja kwa vidole, macho kayafumba, mpaka akakipata cha pamba, cheupe, kilichofuliwa mara nyingi kikalainika. Akakikunja mara nne, akampa binti ashike pembe juu ya jagi la kioo.

Kizibo akachoma kizibuo mdomoni mwa chupa. Kizibo chenyewe kilikuwa kimechoka kwa uzee, kikakatika katikati, vipande vikaangukia ndani. Akamimina polepole, na kitambaa kikaanza kushika weusi.

Mvinyo uliopita ulikuwa bado na ukungu. Akaonja. Tope. Uchungu wa maganda na vumbi, basi. Akakisukuma kile kitambaa kando, akashika kichwa.

"Usinywe, Fundi. Siyo wenyewe huu. Nisamehe. Tuumwage."

"Mimina."

"Utakuchoma, mama," binti alisema. "Hapo penye kidonda."

"Uchome."

Akamimina. Fundi hakuigusa glasi mara moja. Aliiacha mbele yake, akaizungushia viganja kama mtu anayeota moto. Walingoja wote watatu. Kizibo aliinama, akanusa: hakuna harufu. Akanusa tena. Pua ilikuwa imejaa machozi, hakujua kama kosa ni la mvinyo au ni lake.

Ndipo Fundi akaiinua, akapiga funda moja. Maumivu yakampita usoni, yakamkunja kope, mguu ukapiga meza. Binti akanyoosha mkono kuichukua glasi, Fundi akausukuma kando. Funda likabaki mdomoni. Kidogo kidogo paji lake likalegea. Nyusi zikapanda, zote mbili, zikakaa huko juu, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoifahamu. Mkono wake ukatambaa mezani ukitafuta wa mumewe.

Kizibo akaushika. Akaliona koo la mkewe likianza kujongea.

"Usimeze bado," akamnong'oneza.