Unene wa Kitale

Mume wangu alikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, na mwaka ule aliporudi Misikhu kwa likizo alikuwa amenenepa hata viatu vimemkataa. Mama mkwe alifurahi kupita kiasi. Akamtembeza sokoni akijigamba kwa kila muuza ndizi: "Angalieni, Kitare imemupenda mutoto wangu."

Mimi ndiye niliyelala naye. Nilijua kwamba mnene huyo hulala ameketi, ameegemea ukuta, maana akijinyoosha pumzi inakatika. Siku moja nikimwosha miguu, kidole changu kilizama kwenye muundi na shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Niliogopa sana. Nikamburuta hospitali.

Daktari alisema moyo umechoka, maji yamejaa miguuni na mapafuni, na hata nyama ya moyo wenyewe imelowa. Nilimwelewa upesi, kwani godoro lililonyeshewa nimewahi kulibeba. Akamdunga sindano ya kumkojoza, akapiga marufuku chumvi, na vinywaji vya siku nzima visizidi vikombe viwili. Akizidisha, atakufa.

Mume wangu akatii. Vikombe viwili, basi. Lakini miguu ikazidi kuvimba, nami nikaanza kumlaani daktari, mpaka nilipopita kwa jirani nikamwona mume wangu kati ya wazee, wamezunguka chungu cha busaa, pombe yetu ya nafaka, mrija mrefu mdomoni. Nikamwita pembeni, maana baba mkwe alikuwa pale chunguni, na kwa mila yetu mke wa mwana hamsogelei baba mkwe.

"Si daktari alikukataza?"

"Alikataza vikombe. Wewe unaona kikombe hapa? Halafu busaa ni chakula, bana."

Jioni nilikishika kidole cha mama mkwe nikakikandamiza kwenye mguu wa mwanawe. Akalipapasa lile shimo.

"Hayo si mafuta, Mayi," nikasema. "Ni maji. Yanamuua."

Kesho yake alikwenda mwenyewe chunguni, akauchomoa mrija wa mwanawe na kuuvunjia gotini mbele ya wazee wote, mumewe akiwemo.

Mume wangu akakonda, suruali ikawa ya kufungwa kwa kamba. Mchana mmoja mama mkwe akaja kunigombeza, ati namnyima mwanawe chakula. Nikamfungulia mlango wa chumba. Mwanawe alikuwa amelala chali, amejinyoosha kitanda kizima, anakoroma.

Alisimama pale akisikiliza.

"Funga mulango," akaninong'oneza. "Wacha akonde."