Kutoka Likoni Hadi Mlango wa Uani wa Saada

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako, simu wekeni kando. Nawasikia mkisema korona yalikuwa maneno ya redioni. Mimi sina habari za redioni. Nina habari za watu niliowajua kwa majina na kwa sauti zao: muuza mbaazi wa njia yetu hapa Likoni, mwalimu aliyewasomesha baba zenu Kurani, na Saada, mdogo wangu, tumbo moja. Ya Saada ndiyo nitakayowapa, kwa sababu huko nilikwenda mwenyewe.

Asubuhi ile nilikuwa napepeta mchele simu ikalia. Alikuwa Rukia, binti wa Bi Zuhura, jirani yake Saada kule Utange.

"Shikamoo bibi. Bi Saada hajiwezi. Amejifungia ndani, hataki mtu."

"Hataki mtu, au watu wamemkimbia?"

"Mwenyewe hataki, bibi."

Saada ni mjane. Wanawe wawili wako Uarabuni wanatafuta riziki, na siku zile ndege zilikuwa zimelala chini. Nikasema moyoni, mdogo wangu hafi peke yake kama aliyeokotwa. Nitamlisha kwa mkono wangu, na kama ni kuondoka, aondoke kichwa chake kikiwa pajani pangu. Hilo tu ndilo lililonitoa nyumbani. Nikachinjiwa kuku, nikachemsha supu ya ndimu na pilipili manga, nikaitia katika chupa ya chai, na mkate wa mofa nikaufunga kwa kitambaa.

Mkamwana wangu Mwanasha akasimama njiani. "Mama, huko kuna maradhi."

"Kwani hapa ni Makka?" nikamwambia. Akanipisha.

Kivukoni tulinawa kwa sabuni kama watu waingiao msikitini, kisha tukasimama mbalimbali, kila mtu na duara lake lililopigwa rangi. Feri ilivuka kimya. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyeuza njugu. Nyuso zote zilikuwa nusu kwa barakoa, nikasalimiwa kwa macho na watu ambao mpaka leo sijui walikuwa nani. Maji yalikuwa meupe kwa jua, na mngurumo wa injini ulinichukua akili. Nikaona kama feri imesimama na mji ndio unaotujia, polepole, kwa kunyata, kama anayeingia chumba cha mgonjwa.

Ng'ambo ya pili nikapata tuktuk. Dereva kijana wa bara.

"Shosho, panda. Lakini hiyo maski ikae kwa pua bana, karao wa trafiki watatusumbua."

"Mimi si shosho wako, na pua yangu naijua ilipo."

"Pole, mathe."

"Wala si mathe."

Akacheka. "Sasa nikuite nani?"

"Sema shikamoo kwanza. Jina litakuja lenyewe."

Akasema shikamoo, tena kwa heshima. Nami nikakivuta kile kitambaa cha usoni mpaka puani, maana adabu hulipwa kwa adabu.

Kupita daraja la Nyali upepo uliingia ndani ya tuktuk ukanijaza buibui kama tanga. Hoteli zilikuwa zimefungwa. Kwenye lango moja askari amesinzia kitini, maua yamemwangukia kofiani na hakuna wa kumwamsha. Kongowea sokoni, ambako siku zote hupiti bila kukanyagwa, niliona paka amejilaza katikati ya njia. Nilifika mahali nikajiuliza kama naota mimi au ni mji unaota, na sisi tumo ndani ya usingizi wake. Baada ya Kisauni ndipo yule kijana akasema, "Bibi, unaenda kwa nani?" Nikamwambia kwa mdogo wangu, mgonjwa. Hakuuliza mgonjwa wa nini. Aliendesha polepole zaidi, akikwepa mashimo kama amebeba mayai.

Utange nilifika jua likiwa halijasimama kichwani. Mlango wa mbele wa Saada ulikuwa umefungwa, sikuushughulikia. Kwetu mlango wa mbele ni wa wanaume na wa wageni. Mlango wa uani ndio wa wanawake, na huo mchana haukomewi. Unapiga hodi ukiwa umeshafika jikoni. Basi nikazunguka, nikausukuma.

Haukwenda. Nikausukuma kwa bega. Komeo kwa ndani.

Tangu nizaliwe, mlango wa uani wa ndugu yangu haujanikataa. Niliona haya kama nimevuliwa nguo, nikatazama nyuma kama kuna aliyeniona.

"Saada! Ni mimi."

"Najua ni wewe." Sauti ilitoka dirishani, nyembamba. Nyuma ya wavu wa mbu niliona umbo tu, kama mtu aliye ndani ya maji. "Nimesikia makubadhi yako."

"Fungua."

"Sifungui, dada."

"Umerukwa na akili?"

"Akili ninayo. Pumzi ndiyo sina."

Nikapandisha hasira. Nikamwambia nimetoka Likoni, nimevuka maji, aliyekuja kumtazama mgonjwa hafungiwi mlango, mama yetu angekuwa hai angemtia bakora. Akaniacha nimalize. Halafu akasema kwa vipande vipande, akitafuta hewa kila baada ya maneno mawili matatu:

"Zuhura aliusukuma mlango huo huo. Nilikuwa homani, sikuweza kumzuia. Akanikanda. Akanilisha. Akalala miguuni pangu. Jana wamemchukua hospitali, wamemtia mpira wa hewa puani. Mimi ndiye niliyempa. Basi nikainuka nikatia komeo."

Nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa pale uani.

"Umeniletea nini?" akauliza.

"Supu ya kuku."

"Iweke kizingitini, urudi mpaka penye tangi la maji."

Mimi, dada mkubwa, nikaamrishwa, nikatii. Nikamimina nusu katika bakuli, nikakata mkate, nikarudi kwenye tangi. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita. Niliuona mkono wake tu, hina imefifia kuchani, mifupa imesimama. Ukachukua bakuli, ukaingia. Komeo likalia tena. Mpaka leo nikifumba macho nauona ule mkono, peke yake, kama hauna mwenyewe.

Nikasogea tena chini ya dirisha, tukala. Yeye ndani, mimi nje, ukuta baina yetu.

"Dada, sisikii kitu," akasema. "Si chumvi, si ndimu. Kama natafuna pamba. Nambie wewe, ikoje?"

Nikanywa funda, nikafumba macho. "Ndimu inaanza hapa chini ya sikio, taya linapoungana. Halafu pilipili manga inakuja nyuma, haina haraka, inakaa kooni."

"Ehe. Na chumvi?"

"Imezidi kidogo."

"Ndiyo wewe!" Akacheka, kikohozi kikamkata. Kilimshika muda mrefu, nami nimesimama nimeushika wavu, siwezi hata kumpigapiga mgongo. Kilipotua akasema, "Endelea. Mkate je?"

Nikamwelezea mkate. Nikamwelezea ulivyoungua pembeni, na ule uchungu mtamu wa pale palipoungua. Kuku walikuwa wakipekua mchanga, jua limetulia juu ya makuti ya jikoni, na mimi nasema na dirisha. Nikimaliza tonge nasikia kijiko chake kinagonga bakuli. Alikula mpaka chini. Alikuwa hajala kitu tangu juzi.

Hapo ndipo Rukia alipotokea penye pengo la ua, simu mkononi, hana viatu. Midomo yake tu ilikuwa ikienda, na nikajua Zuhura ametangulia mbele ya haki.

Mtoto ananitazama hivyo, nifanye nini? Nilimkumbatia. Akalia shingoni mwangu, machozi yake na pumzi zake, kile kitambaa changu cha usoni kimeangukia kifuani. Nikampapasa kichwa, nikamwambia innalillahi, mwanangu, innalillahi.

Kutoka dirishani Saada akaita. "Dada. Umemshika?"

"Nimemshika."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Yeye ndiye aliyekuwa akimwuguza mama yake. Mlango wangu hukuingia, lakini maradhi huenda umeshayapata kwake. Basi ukifika kwako, fanya kama mimi."

Mazishi ya Zuhura sikuyaona. Walimzika watu waliovaa nguo nyeupe kama mawingu, na wanawake tuliozoea kuoshana tukifa tukabaki na mikono mitupu. Saada hakufa. Alikaa muda mrefu hajui ladha ya kitu, na hata sasa akienda dukani hupumzika mara mbili njiani. Rukia naye aliugua akapona. Mimi nilikuwa nimekwenda kumlaza mdogo wangu pajani, na kama angenifungulia, nadhani tungezikwa wote wawili.

Mtu hahitaji shule kulijua hili nililolijua siku ile. Tuliambiwa tujihadhari, nasi tukajihadhari na wageni. Mlango wa mbele tukaufunga wote. Wa uani hakuna aliyeukumbuka, maana huo haupitwi na adui. Hupitwa na anayekupenda, amebeba bakuli.

Alasiri ile nilivuka tena maji. Nikasimama mwisho kabisa wa feri, mbali na watu, mikono nimeikunja ndani ya buibui kana kwamba nimeficha kitu cha wizi. Likoni wajukuu waliniona kwa mbali wakaja mbio kunibusu mkono. Nikawapigia kelele, wakasimama pale pale, mdogo wao akaanza kulia. Mwanasha akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikaingia chumba cha nje, kile cha kuwekea makumbi, nikasema nao kutoka dirishani:

"Mwanasha, nisikilize. Chakula changu weka kizingitini, urudi nyuma, ndipo nichukue. Mlango wa uani tieni komeo sasa hivi. Nikibisha msifungue. Nikilia msifungue. Nikiwatukana, itikeni 'abee,' na msifungue."