Kinyaa Changu na Mikeka ya Judo

Mimi ni mtu wa kinyaa. Kikombe changu hakinywewi na mtu mwingine, hata mtoto niliyemzaa mwenyewe. Kazini, katika ofisi ya serikali ninakopokea wageni hapa mjini Garissa, nina kijiko changu ndani ya mkoba, na ole wake atakayekiazima. Kwenye harusi, ambako wenzangu huzunguka sinia moja na kuchota kwa mikono wali uleule, mimi hula nyumbani kabla, kisha nasingizia tumbo. Nikiona kidole cha mtu kimezama kwenye mchuzi, sitamani chakula mpaka kesho yake.

Sasa mtu akiuliza ilikuwaje mwanamke wa aina yangu, mwenye umri wa kuitwa mama mkwe, akaishia kulaliwa chini na muuza maziwa ya ngamia huku uso umezama kwapani mwake, jibu ni sukari. Daktari alinipima damu, akakunja uso, akaniambia nitafute zoezi. Nilijaribu kutembea. Garissa haitembeleki. Jua linakuchoma kisogo, na kila baada ya hatua mbili unasimamishwa na mtu wa ukoo anayetaka kujua unakwenda wapi, kwa nini kwa miguu, na kama gari limeharibika. Ndipo nikasikia kuna darasa la wanawake watupu kwenye ukumbi mmoja wa harusi, Jumamosi alasiri, milango imefungwa na mapazia yameteremshwa. Mwalimu wake alikuwa mama mfupi kutoka bara, askari jela mstaafu aliyekipenda kijoto chetu akabaki. Anafundisha judo, nikaambiwa. Nilidhani ni ile ya kupunga mikono hewani na kupiga kelele. Hakuna aliyenidokezea kwamba judo ni kukumbatiana.

Na siyo kukumbatiana kwa Idi. Unamshika mtu kola, unamvuta hadi jasho lake linakudondokea mdomoni, mnaanguka wote, halafu mmoja anamlalia mwenzake mpaka aliye chini apigepige mkeka kwa kiganja kuomba aachiwe. Siku ya kwanza niliupigapiga mkeka kabla sijafika chini.

Nianze na makoti ya judo. Yalikuwa mazito kama magunia, yameletwa na msamaria fulani, na yalikuwa machache kuliko sisi. Tulivaa kwa zamu. Mwenzako anamaliza, analivua, anakupa, nawe unaingiza mikono ndani ya ujoto wake. Lile nililopewa siku ya kwanza lilikuwa limeloa mgongoni na kwenye kola kulikuwa na ukoko wa rangi ya chai. Nilivaa chini yake nguo tatu na bado nilihisi limenigusa. Yakishavuliwa yalirundikwa kwenye stoo nyuma ya ukumbi, maana wengi wetu hatukutaka nyumbani waone, na mle ndani yalichacha wiki nzima.

Mikeka nayo ilikuwa ile minene ya sponji inayounganishwa kama vigae. Kila ufa uliweka akiba yake: nywele, ukucha, punje za wali wa harusi ya Ijumaa, mafuta ya mbuzi yaliyoganda. Sisi tulikuwa tunaibusu kwa mashavu.

Kitu pekee kisafi katika saa ile kilikuwa salamu. Mwalimu alitaka tuinamiane kabla ya kushikana, kama alivyofundishwa yeye. Tukakataa wote kwa sauti moja. Sisi tunainama mbele ya Mola peke yake. Tukapatana kwamba kila mmoja aweke mkono kifuani na kumtolea mwenzake salamu. Alikubali. Nilitamani darasa zima liwe hilo.

Mwenzangu wa kushikana nilichaguliwa kwa mizani. Mimi ni mnene, na aliyenikaribia kwa uzito alikuwa yule muuza maziwa. Alikuwa mwanamke wa mikono mipana, mcheshi, anayeamka alfajiri kupokea maziwa yanayoteremka na malori ya njia ya Modogashe, kisha anashinda sokoni. Kufikia alasiri alikuwa amebeba mwilini mwake maziwa yaliyochachuka, moshi, mafuta ya nywele na vumbi. Alinilalia. Nikaona giza. Nikavuta pumzi, nikajuta kuvuta pumzi.

"Abaayo, iko sawa?" akaniuliza kutoka juu. Dada, yaani. Kila mwanamke kwake alikuwa abaayo.

Sikujibu kwa sababu sikutaka kufungua mdomo.

Nilirudi nyumbani nikaoga mara mbili, nikajisugua kwa dodoki hadi ngozi ikawasha. Niliapa sirudi. Jumamosi iliyofuata nilirudi kuwaambia kwamba sirudi, na mwalimu, ambaye hakunisikiliza, akanionyesha jinsi ya kugeuza kiuno. Ingia chini yake, akasema, mpe mgongo, vuta mkono, inama. Nikaingia, nikageuka, nikavuta. Yule mama, mzito kuliko mimi, akaondoka chini. Akapita juu ya nyonga yangu akatua chali, ukumbi mzima ukatikisika, viti vya maharusi vikagongana ukutani.

Nilipiga kelele ya furaha ambayo sijaipiga tangu nikiwa msichana. Yeye alilala pale anacheka, machozi yanamtoka. "Wallahi umenituba fisuri!" akasema, yaani nimemtupa vizuri. "Rudia!"

Nikarudia. Ofisini natabasamu kwa watu wanaonifokea kwa sababu bwana mkubwa hayupo. Nyumbani kila mlango ninaofungua kuna mtu anauliza kitu kiko wapi. Jumamosi alasiri naangusha watu, na wananishukuru. Nilichukizwa na ile saa kuanzia unyayo hadi utosi, na niliitaka kuliko kitu chochote katika wiki yangu. Kufa kwa sukari niliona naweza, lakini kunyang'anywa ile saa sikuwa tayari.

Basi ikaja kunyang'anywa. Mwenye ukumbi alikuwa mama wa makamo, shangazi wa nusu ya mji, kwa hiyo tulimwita eedo. Alitusimamisha mlangoni huku amejiziba pua kwa ncha ya shungi. Bibi harusi wa jana yake, akasema, alikaa kwenye kiti chake cha dhahabu akauliza mbele ya wageni ni nani amekufa. Ukumbi wake ulinuka miguu.

"Mimi nabangisha ukumbi kwa watu wa harusi," akasema. "Nyinyi ni kina mama wa heshima, kwa nini mnanuka kama madereva wa lori? Ijumaa ijayo nikisikia tena hii harufu, mtoke. Na msinitafute."

Nilimwunga mkono kimoyomoyo. Hakuna aliyekuwa amenusa vizuri kuliko mimi. Ila nilipowatazama wenzangu wameinamisha vichwa, nikaona saa yangu inaondoka.

Mwalimu alipendekeza sabuni na kuanika juani. Ni ushauri mzuri, lakini makoti kumi juu ya kamba, mbele ya macho ya mtaa? Kufikia magharibi kila mume angekuwa na maswali. Muuza maziwa ndiye aliyepata wazo, na nasema wazi kwamba mimi ndiye niliyelishangilia zaidi.

"Mimi kila asubuhi nafukiza chombo ya maziwa," akasema. "Naweka kijiti ya moto ndani, nafunga, moshi inakula harufu yote. Hata wewe nyumbani si unafukiza nguo na uunsi? Koti ni nguo. Mkeka pia tunafukiza."

Nani angebisha? Hakuna nyumba hapa isiyo na dabqaad, kile chetezo cha udongo tunachowekea makaa na uunsi, ule uvumba mtamu wa sukari. Mgeni akiondoka tunafukiza, nguo ikitoka kufuliwa tunafukiza. Mwanamke wa kwetu akiona harufu mbaya mkono unakwenda wenyewe kwenye makaa. Mwalimu alitaka kusema kitu, akatutazama, akaenda kufungua stoo.

Tulileta vyetezo vyetu kutoka nyumbani, na muuza maziwa akaleta vijiti vyake vya kufukizia vyombo. Tulisimamisha mikeka ndani ya stoo ikaegemeana kama kibanda, tukatandaza makoti juu yake, tukasukuma vyetezo chini, tukafunga mlango, tukaziba hata upenyo wa chini kwa matambara ili moshi usipotee. Kisha tukaenda kuswali na kunywa chai. Nilikunywa chai ile kwa raha. Nilifikiria koti langu linanuka kama chumba cha bibi harusi.

Tulirudishwa na kelele za mwalimu. Moshi uliokuwa ukitoka chini ya mlango ulikuwa mweusi. Chombo cha maziwa ni mti. Sponji si mti. Sponji ilikuwa imeanza kuyeyuka na kudondoka juu ya uunsi, na sukari ya uunsi inachemka nayo. Tulimwaga maji, tukavuta mikeka na makoti nje tukikohoa. Moto ulikuwa mdogo, hakuna aliyeungua, lakini ile harufu siwezi kuisahau. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililonichefua zaidi, plastiki iliyoungua yenye utamu, juu ya jasho la wiki ambalo wala halikuondoka. Ilitupaka kooni. Mapazia ya dhahabu yakageuka rangi ya kijivu.

Eedo alifika akiwa na kiatu kimoja mguuni. Alisimama katikati ya ukumbi wake, akanusa. "Zamani mlinuka miguu," akasema. "Sasa nyinyi mnanuka moto ya jehanamu." Kisha akatuonyesha mlango.

Tuliyafua mapazia yake, tukayarudisha, akayapokea bila kututazama. Ukumbi mwingine haukupatikana. Shule zilikataa, nyua zetu zina majirani juu ya roshani. Tulihitaji ukuta mrefu, lango la kufungwa na mahali ambapo mwanamume hapiti Jumamosi alasiri. Majuma yakapita. Niliacha kulala vizuri. Kidole changu kikichomwa kupimwa sukari, namba ilikuwa inapanda, nami nilikuwa nawafokea watu wa nyumbani kwa makosa ya chumvi.

Muuza maziwa akanipigia simu. Kaka yake ana ghala karibu na soko la mifugo, ukuta mrefu, lango la chuma, Jumamosi halina mtu.

"Ghala la nini?" nikauliza.

Akasita. "Abaayo, njoo tu."

Lilikuwa ghala la ngozi. Ngozi za mbuzi, za ng'ombe, za ngamia, zimepakwa chumvi na kurundikwa hadi kifuani, nyingine bado na vipande vya nyama vimeshikilia. Nzi walikuwa wanaimba. Majimaji ya rangi ya kutu yalitoka chini ya rundo yakafuata mfereji sakafuni. Mwalimu alikuwa ameshafagia nafasi katikati na kutandaza mikeka yetu, ule uliotobolewa na moto ukiwa pembeni. Hapa, akasema, hakuna atakayelalamika kwamba tunanuka. Akaongeza kwamba ukipenda boga, upende na ua lake.

Ua gani hili, nikajisemea.

Wenzangu walikuwa wameshavaa makoti. Hakuna aliyeanza. Wote walikuwa wananitazama mimi, maana walijua mambo yangu ya kijiko na sinia, na nadhani walikuwa wamekubaliana kwamba nitageuka. Muuza maziwa hakunitazama. Alikuwa anakunja mkono wa koti, anakunjua, anakunja tena. Nikitoka mimi, hapakuwa na mwingine wa uzito wake.

Nilivuta pumzi moja kwa pua, ili nijue. Kisha nikatoka mbio, nikashika ukuta wa nje, nikatapika. Nilitapika chai, nikatapika chakula cha mchana, nikaendelea hata tumbo lilipokuwa halina kitu. Mbuzi mmoja alikuja kuangalia. Nilisukutua mdomo kwa maji ya chupa, nikanawa uso, nikafunga vizuri shungi, nikarudi ndani nikavua viatu.

"Abaayo, imeisha?" akaniuliza.

"Imeisha."

Tukaweka mikono vifuani, tukasalimiana. Koti alilovaa lilikuwa bichi kwa jasho la mtu mwingine, na kola yake ilikuwa na ule ukoko wa rangi ya chai. Nikaikamata kwa mkono wote.