Maji Yaliyobaki Moto

Juzi jioni, katika duka moja la Kasongo, nilimkuta karani na mke wake mjamzito wakichagua pipa la kuwekea maji ya moto nyumbani. Mama mkwe alikuwa ametoka kijijini Wamaza, ili aje kumkanda binti yake akishajifungua. Karani alimpa mgongo kwa heshima ya ukwe, akawa anasema naye kupitia mke wake.

"Mwambie mama, hili linalong'aa ndilo zuri."

Yalikuwapo mapipa mawili, na mwenye duka alikuwa ameyajaza yote maji ya moto asubuhi. Mama akafungua robine, kibomba cha kutolea maji, ya lile linalong'aa: vuguvugu. La pili lilikuwa baya kwa sura, limetiwa ndani ya pipa kubwa zaidi, katikati wameshindilia makapi ya mpunga. Alipolifungua, mvuke ulimrudisha nyuma.

"Moto iko wapi?" akamwuliza mwenye duka.

"Ilizimika asubuhi, mama."

"Nani alikuwa anachunga maji?"

"Hakuna mutu."

Akaweka kiganja juu ya pipa, kama anayepima homa ya mtoto. Bati la nje lilikuwa baridi. Nimeona motokaa na gramafoni zikiingia Kasongo. Hakuna iliyovuta watu karibu hivi. Hata karani aligeuka, ukwe ameusahau.

"Uzazi wako wa kwanza," mama akamwambia binti yake, "nilishinda jikoni nachunga maji. Safari hii nitakaa na wewe."